Bima ya mwenza: angalieni kodi

Makala moja inasema bima ya afya ya kazini kwa mwenza ambaye hamjafunga ndoa ni sawa na ya mume au mke. Kwa Marekani si hivyo. Mwenza asipokuwa tegemezi wako kikodi, yaani mtu unayemtunza na anayetambuliwa hivyo na sheria ya kodi, mchango wa mwajiri kwa bima yake huhesabiwa kama kipato chako: dola 400 kwa mwezi ni dola 4,800 za kutozwa kodi kwa mwaka, ingawa hukuzishika mkononi. Kama ni tegemezi, mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema, la sivyo utakatwa tu. Linaloumiza zaidi ni hili: ukipoteza kazi, sheria ya COBRA, inayowaruhusu waliopoteza kazi kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia, haimpi mwenza haki yake mwenyewe ya kuendelea na bima. Kabla ya kusaini kiapo cha kuishi pamoja, yaani hati ya kumthibitishia mwajiri kuwa ninyi ni wenza, uliza kama mpango wa kampuni unamruhusu mwenza kuendelea na bima ukipoteza kazi.