Pesa za afya zigawanywe kwa vichwa au kwa umbali? Jiji la Mwanza na visiwa vya Ukerewe

Kila bajeti ikikaribia huku kwetu ubishi unarudi palepale, watu wa jiji wanasema sisi ndo wengi kwa hiyo pesa nyingi ije huku, watu wa visiwani wanajibu nyie mna hospitali za Bugando na Sekou Toure mlangoni halafu bado mnalia. Mi ni mtu wa jiji ila kwenye hili naegemea visiwani, japo sio kwa kila wanachodai.

Tuanze na hesabu yenyewe. Fomyula ya ruzuku ya afya kwenda halmashauri, ile iliyoanza katikati ya miaka ya 2000, ilipangwa hivi: 70% inafuata idadi ya watu, 10% idadi ya maskini, 10% vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na 10% urefu wa njia za gari la idara ya afya. Njia za GARI jamani. Ukerewe, wilaya iliyo ndani ya Ziwa Victoria, ni visiwa 38, 15 tu ndo vina makazi ya kudumu, 23 vilivyobaki ni makambi ya wavuvi, hilo gari lipite wapi? Na hata hiyo 70 ya vichwa ina kasoro, mvuvi wa dagaa anafuata giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, giza hili yuko kambi hii, giza lijalo kahamia nyingine, sensa imemhesabu Sengerema kwa mke wake ila malaria imemkuta kisiwa cha Irugwa huku Ukerewe, na dawa anazopewa pale ziliagizwa kwa hesabu ya watu wengine kabisa.

Ila watu wa jiji nao wana hoja nzito. Panda mitaa ya jijini kama Mabatini au Igogo kule juu ya mawe uone, ambulansi inaishia chini barabarani, mgonjwa anateremshwa kwenye kiti cha plastiki, wawili wameshika huku na huku, wanapishana na mama kajitwika ndoo ya maji kwenye kinjia cha kupita mtu mmoja, na mvua ikiwa imenyesha hapo ndo balaa. Hospitali ya mkoa unaiona kabisa lakini kuifika ni kazi. Kwa hiyo ukisema umbali upimwe kwa kilomita tu, huyu wa Igogo unamuonea. Halafu kuna siasa, vichwa angalau vinahesabika, ukishaingiza kipengele cha mazingira magumu kila diwani kata yake itakuwa na mazingira magumu, hadi ya Nyamagana katikati ya jiji.

Hoja yao nyingine ni ya upasuaji. Kisiwa chenye watu wachache ukikijengea chumba cha upasuaji, daktari atafanya operesheni mbili tatu kwa mwezi, mkono unapoteza uzoefu, mashine zinakaa na vumbi, na mtaalamu wa usingizi mwenyewe hakai anaomba uhamisho. Hili nawapa, wako sahihi. Majengo ndo kitu kinachopendwa maana kinazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 ulisema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya, lengo zuri tu, lakini zahanati yenye nesi mmoja ambaye hana hata nyumba ya kulala hapo ni jengo lenye rangi.

Sasa mbona bado nipo na wa visiwani? Kwa sababu ya Ukara, moja ya visiwa hivyo vya Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kilizama pale 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, na kituo cha afya cha Bwisya, kilichopo hapohapo Ukara, kikaja kupanuliwa kwa hela za rambirambi. Yaani mpaka msiba wa taifa ndo mgao mkubwa wa pesa ukafika pale, fomyula haikuufikisha. Takwimu za taifa nazo zinatupumbaza kidogo, vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015-16 hadi 104 kwenye ule wa 2022, ni hatua kubwa sana na wahudumu wapewe maua yao, ila wastani haukwambii nani kabaki nyuma.

Kinachoua visiwani mara nyingi ni kuvuka. Kaa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba jijini asubuhi boti zinashusha magunia ya dagaa, utaona siku nyingine katikati ya magunia kuna mtu kafunikwa khanga, ndugu zake walichanga hela ya wese usiku kucha ndo nahodha akakubali kuwasha injini. M-mama, huduma ya usafiri wa dharura iliyojaribiwa mwanzo Sengerema na Shinyanga, ilishaonyesha njia: unapiga 115, dereva wa mtaani anatumwa, analipwa kwa simu. Lakini ile ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga, mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege hayumo. Ningekuwa na sauti ningesema manahodha wasajiliwe kila mwalo, wese lilipwe kwa mgonjwa yeyote wa dharura, na ile 10% ya njia za gari ihesabu na njia za maji. Atakayeuliza siku ziwa limechafuka inakuwaje, kauliza swali la maana, ndo maana kisiwa kikubwa kama Ukara kinastahili upasuaji wake, ila sio vyote 38.

Na bima isiachwe nje ya hii hesabu. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuja na elfu 30 kwa kaya ya watu sita, bei moja wa Pasiansi jijini na wa Irugwa. Wa Pasiansi akipewa rufaa anapanda daladala, wa Irugwa kadi anayo mfukoni na bado anachangisha wese. Hapo kwangu ama kadi ilipe boti, ama wa kisiwani apunguziwe mchango.