Vijana wa Dar mila tunazitaka

Kuna mwandishi ameandika kwamba sisi wa Kichaga tuliokulia Dar tunapanda Moshi kila Desemba kula nyama tu, mila hatuna. Si kweli. Kichaga nakisikia vizuri, kuongea ndiyo shida, maana nyumbani tumelelewa kwa Kiswahili. Lakini mwaka jana babu alinipeleka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, akanionyesha masale, mimea yenye majani marefu iliyopandwa mpakani, akanieleza kwamba ukimkosea mtu ukamwendea na jani la sale lililofungwa fundo, ni vigumu mno akatae kukusamehe. Mwili ulinisisimka! Shuleni sikuwahi kufundishwa hayo. Wazee wetu, msitucheke tukikosea matamshi. Mtuite hata mbege, pombe yetu ya asili, inapopikwa, tushike ndizi na ulezi wenyewe, si kusubiri kata ya kunywea ikishajaa.