Pepa Halikuvuja, Liligawiwa

Nilipotuma picha ya karatasi yangu ya kufaulu kwenye grupu la ukoo, pongezi zilimiminika, na vimaua, na vigoma. Kisha binamu yangu wa Tabata akauliza huo mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuongea hewani kwa mapenzi tu, bila biashara, ulikuwaje huku Marekani. Nikamweleza vizuri tu: maswali yote yako hadharani, zaidi ya 400, majibu yake yamewekewa alama, unayapakua bure. Siku ya mtihani unapewa 35 kati ya hayo, na ukipata 26 umepita.

Akajibu: "Dada, huo ni mtihani au maigizo? Si wangekuuzia tu leseni yaishe."

Watu wakacheka. Shangazi, ambaye hata hajui redio ya ridhaa ni mnyama gani, naye akaweka vicheko vitatu. Nimekaa na hasira siku mbili, leo nazitoa.

Kilichonipeleka ni kimbunga Beryl, Julai 2024. Hapa Houston, Texas, na vitongoji vyake wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme. Kwetu ulikatika siku tano, na simu ikageuka pambo: inaonyesha mtandao upo, ujumbe hauendi. Mzee jirani alikaa barazani na kiredio chake cha mkononi, anajua barabara gani imezibwa na miti na wapi barafu inauzwa. Mimi nilichokuwa najua ni kwamba samaki wangu kwenye friza wameoza. Nikakumbuka simu ya upepo ya zahanati ya misheni kijijini kwa bibi, na yule sista aliyekuwa akiipigia kelele "ova! ova!" mpaka kuku wanakimbia.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaingia ukumbi wa maktaba. Tulikuwa watahiniwa sita, mmoja mtoto wa miaka kama kumi, kwa maana umri wa chini haupo. Uraia nao hawaulizi. Wanaokatazwa ni wawakilishi wa serikali za kigeni tu, kwa hiyo wenye vibali vya kazi msijifiche nyuma ya hicho kisingizio. Wasimamizi walikuwa watatu, wazee wa kujitolea, maana sheria ndiyo inavyotaka. Mmoja akaniuliza nimemsindikiza nani. Nimeisindikiza penseli yangu, babu, nikamjibu moyoni. Akaangalia kitambulisho, akasimama hapo hapo mpaka nikafuta kumbukumbu ya kikokotoo.

Sasa turudi kwa binamu.

Sisi tumelelewa kwamba mtihani ni siri ya dola. Karatasi zinakuja na askari mwenye bunduki, bahasha inafunguliwa mbele ya mashahidi, na likivuja pepa nchi nzima inalala macho. Tumezoea hivyo mpaka tunaamini kazi ya mtihani ni kumvizia mwanafunzi, kumkamata pale ambapo hakusoma. Asiyeviziwa, cheti chake feki.

Haya, nikuulize. Kwenye yale maswali 400 na ushei kuna moja kuhusu antena na nyaya za umeme: uisimamishe mbali kiasi gani? Jibu ni kwamba hata ikianguka, hakuna kipande chake kinachopaswa kufika karibu na waya kwa chini ya futi 10, mita tatu hivi. Swali kama hilo ulifiche ili iweje? Ili mtu asilisome, akose alama moja, apite kwa nyingine 26, kisha siku ya tufani apande paa na bomba la chuma akakauke juu huko? Mimi nataka kila anayepanda paa awe amelikariri hilo jibu. Alimeze. Aliote usiku. Aliyelivujisha apewe nishani!

Halafu ujanja mnaoudhania haupo. Benki ya maswali imegawanywa mafungu 35, na kila fungu linatoa swali moja, kwa hiyo huwezi kujifungia na fizikia unayoipenda ukaruka sheria. Herufi nazo hazikaririki, kwa sababu wasimamizi wanaruhusiwa kupanga upya A, B, C na D. Mwisho wake unasoma yote. Na mtu aliyesoma yote, jamani, tunamwitaje? Si amesoma? Au mpaka atoke jasho la woga ndipo iitwe elimu?

Wapo wazee wanaosema leseni iliharibika Februari 2007, mtihani wa Mosi (Morse), ule wa kutuma herufi kwa vidoti na vistari, ulipoondolewa. Waacheni na vidoti vyao.

Kulikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelipitia mara kumi na bado likanichekesha ukumbini: ukizungumza hewani, alama yako ya wito, yaani jina lako la hewani la herufi na namba, uitaje kwa lugha gani? Majibu ya kuchagua: yoyote inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa, yoyote inayotambuliwa na ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), Kiingereza, au Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Ni Kiingereza. Lakini alama tu! Ukishaitaja, na kuirudia kila dakika kumi na mwisho wa maongezi, katikati hapo piga Kiswahili chako mpaka mate yakauke.

Nilipomaliza, wale watatu walisahihisha kwa zamu, kila mmoja akiiwekea karatasi yangu kadi yenye matundu na kuhesabu kwa midomo. 33. Wakanipa na mtihani wa ngazi ya pili papo hapo, bila kuongeza hela. Nikapata 17. Tuyaache hayo.

Nikalipa dola 35 za serikali, alama yangu ikatoka, ina namba 5 kama kawaida ya Texas. Jioni nikashika kiredio, nikaita kwenye ripita ya mtaani kwetu, ule mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha mbali zaidi. Kimya. Siku ya pili kimya. Ya tatu nikaanza kuhisi wananibagua. Ya nne yule mzee jirani akakichukua mkononi, akabonyeza menyu, akaniuliza: "Toni umeweka?" Ripita nyingi hazikufungulii mlango mpaka sauti yako iambatane na toni fulani isiyosikika. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani. Nililipata! Herufi tano za jina la hiyo toni, CTCSS, ningekuandikia nikiwa usingizini, ila sikujua kwamba ni kitu cha kubonyeza.

Kwa hiyo ndiyo, binamu, hapo nakupa nusu pointi, na usiombe nusu nyingine. Nilikariri. Ila mzee alipotamka neno "toni" nilielewa kwa sekunde moja, kwa kuwa jina lilishakaa kichwani likisubiri kazi. Asiyelisoma kabisa angeanza wapi?

Nimerudi kwenye maswali ya ngazi ya pili, nataka mita 20, masafa yanayofika mbali. Huko ndiko nyumbani kunakosikika, alama za Tanzania zinazoanza na 5H.

Nawe, kwa kuwa ni maigizo, hili lako la kwanza: kituo kiko megahezi 146.52, wimbi lake lina urefu wa mita ngapi? Jibu liko wazi kwenye intaneti, bure. Nakusubiri kwenye grupu, na shangazi awepo.