Nusu ukurasa wa Ijumaa: kupoteza muda au ndo kusoma kwenyewe?

Kuna mjadala unaendelea kwenye grupu la wazazi wa shule moja ya kata huku Ilemela, Mwanza, na naona upande mmoja unapigwa bila kusikilizwa. Ishu yenyewe ni kwamba mwalimu wa bailojia wa kidato cha pili kaanzisha utaratibu, kila Ijumaa mwanafunzi anaandika nusu ukurasa: wiki hii kajifunza nini, kakiona wapi nje ya darasa, na kipi hakijamwingia. Kiswahili au Kiingereza, achague mwenyewe. Karatasi zinabandikwa ukuta wa nyuma wenzake wasome, chache mwalimu anazipiga picha anazitupia kwenye grupu. Wazazi wengine wamefurahi, wengine wamewaka kweli kweli, upimaji wa kidato cha pili uko mlangoni, silabasi haijaisha, halafu mtoto anaandika habari za mama yake sokoni?

Hao waliowaka si wajinga, tuelewane. Matokeo ndo yanayomvusha mtoto kwenda kidato cha tatu, na hakuna msahihishaji atakayemuuliza umeiona wapi osmosisi mtaani kwenu. Halafu piga hesabu ya mwalimu mwenyewe. Mkondo una wanafunzi 80, mikondo mitatu, ukimpa dakika 2 kwa kila karatasi ni dakika 480, masaa 8 mazima, na mshahara ni ule ule. Na kuna hoja ya kwamba mtoto akikosea halafu ukabandika ukutani umewagawia wenzake 79 kosa lake. Zote hizi ni hoja za watu wanaojua shule zetu zilivyo.

Ila nilichokiona ni kwamba wengi wanaopinga hawajazisoma hizo karatasi. Hii hapa moja, nimeitoa jina:

"Wiki hii tumesoma osmosisi. Maji yanatoka penye maji mengi yanaenda penye maji machache kupitia utando. Mama anatengeneza kayabo Mwaloni. Akimpaka sangara chumvi jioni, asubuhi chini kuna maji mengi. Nadhani ndo hiyo. Ila sijaelewa, sangara akiwa hai ndani yake kuna chumvi kuliko maji ya ziwa, mbona maji hayamwingii mpaka akapasuka?"

Haya, rudia hilo swali la mwisho taratibu. Kwa sababu maji yanamwingia kweli, mchana na usiku, kupitia matamvua, pale anapopumulia, na ndo maana samaki wa maji baridi kunywa maji hana shida nako, kazi yake ni kuyatoa, figo zinatoa mkojo mwingi mwepesi na chumvi anayoipoteza anaivuta tena kutoka kwenye maji kwa matamvua hayo hayo. Hiyo habari ya mwili kujirekebisha wanaisoma kidato cha tatu. Dogo kaifikia mwenyewe akiwa kidato cha pili, kwa kupitia beseni la mama yake pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kaifikia kwa sababu mtu alimlazimisha aseme kipi hajaelewa. Huyo huyo ukimsimamisha darasani umuulize osmosisi ni nini anakutiririshia definisheni ya Kiingereza mpaka semipamiabo membreni bila kupumua, unampa tiki, mnaendelea na mada inayofuata, na lile swali hungekaa ulisikie.

Hapa ndo naona wazazi wanachanganya kumaliza silabasi na mtoto kuelewa. Mwalimu huyu hasahihishi karatasi zote 240, nani ataweza, anapitia mstari wa mwisho tu, pale penye "sijaelewa". Kama nusu ya darasa imeandika kitu kile kile basi Jumatatu anaanzia hapo hata kama kwenye andalio la somo mada imeandikwa imekwisha. Nionyesheni jaribio gani la maswali ya kuchagua linalomwambia hivyo, maana kwenye a b c d mtoto anabahatisha na anapata.

Na ile hoja ya kosa kusambaa, mi naiona kinyume. Kosa lililoko kichwani halionekani mpaka siku ya pepa. Kuna karatasi iliandika chumvi inanyonya maji kama sponji, kufika Jumatatu kuna mwanafunzi mwenzie kaongezea kwa penseli pale chini: "hainyonyi, maji ndo yanahama". Sasa hilo kosa lingekaa kwenye daftari lake nani angelirekebisha?

Lakini kinachonisumbua zaidi ni lugha, na hapa nitachukua muda kidogo. Mtoto wa shule ya serikali anasoma Kiswahili miaka saba, nyumbani wengine ni Kisukuma au Kikerewe, akifika kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango Kiswahili kitumike ngazi zote lakini pepa za sekondari zimebaki Kiingereza, na shule nyingine mtoto akiongea Kiswahili getini ni fimbo. Matokeo yake mtoto anakopi ubaoni miaka minne. Anakopi noti, anakremu noti, anazitapika, hajawahi hata siku moja kuandika sentensi ya sayansi iliyotoka kichwani mwake. Mnayakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotoka Februari 2013? Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli, Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Na miaka ile zilizagaa stori za watahiniwa waliochora vikatuni na kuandika mashairi ya bongofleva kwenye karatasi za majibu. Nchi nzima tulicheka. Mi siku hizi sicheki, maana ukifikiria, huyo mtoto kapewa karatasi tupu aandike, na kitu pekee alichokuwa anakijua kwa lugha yake, chenye mwanzo na mwisho, ni wimbo. Tulimfundisha nini kingine cha kuandika?

Tume ilikaa, ikaongea walimu, maabara, vitabu, sawa, vyote ni kweli. Lakini mtaala wa kujenga umahiri sekondari tunao tangu 2005 na umeboreshwa tena 2023, na kote humo maneno ni mwanafunzi afikiri, ajieleze. Mwalimu mmoja akijaribu kufanya hivyo kwa nusu ukurasa tunamwambia anapoteza muda wa kukremu!

Sehemu ambayo wanaopinga wananishinda kabisa ni hiyo ya picha kwenye grupu. Kuna moja ilitupiwa humo, mada ni ini na pombe, mtoto kaandika kwa uaminifu kabisa habari za baba yake. Jina lilikuwa juu kabisa, na grupu lina watu zaidi ya mia. Ilifutwa baada ya muda lakini watu wa skrinishoti mnawajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, huyo mtoto aliandika akidhani anamwandikia mwalimu na wenzake. Kufuta jina hakutoshi, mtaa mmoja watu wanajuana mpaka mwandiko. Ukuta wa darasa unatosha, na hata huko mtoto aulizwe kwanza kama anataka ya kwake ibandikwe.

Na jambo la mwisho ambalo mwalimu mwenyewe sijaona kajipanga nalo: pepa itakuja kwa Kiingereza. Hao watoto wakizoea kufikiri vizuri kwa Kiswahili kila Ijumaa halafu Novemba wakakutana na maswali kwa lugha nyingine tutakuwa tumewasaidia nusu. Mi ningesema wiki moja aandike anavyotaka, wiki inayofuata karatasi ile ile airudie kwa Kiingereza chake kibovu kibovu, bila fimbo na bila wino mwekundu. Walioko kidato cha nne waliobakiza miezi miwili waachwe na pepa zao za zamani, hao hii treni imewapita.