Mkwe Yuko Kwenye Laini

Kuna ofisi ya wakala wa mizigo pale karibu na bandari ya Kigoma ambayo simu zake za mezani zimewazidi umri makarani wanaozitumia. Mzee mwenye ofisi alipotaka kuhamia kwenye simu za intaneti alinikubalia kila kitu: mazungumzo yote yapite kwenye waya wa mtandao, bili ipungue, tawi la Dar es Salaam lipigiwe kama chumba cha pili. Nikamtajia bei ya simu mpya za mezani. Akavua miwani.

"Hizi zimekufa?"

"Hazijafa, Mzee."

"Basi usizizike."

Dawa ya watu kama Mzee ipo, inaitwa adapta. Ni kijisanduku: huku unachomeka waya wa mtandao, kule kuna matundu ya waya za simu za kawaida. Kazi yake ni kuidanganya simu ya zamani iamini bado imefungwa kwenye kituo cha simu. Inailisha umeme wa volti kama 48, inaipa ule mlio wa kupigia, na mtu akipiga, inasukuma umeme mkali zaidi wa kuliza kengele. Ila zamani umeme huo ulitoka kwenye betri za kituo, ndiyo maana simu ya mezani ilikuwa inafanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani. Adapta ukiikatia umeme, nayo kimya. Nikamnunulisha Mzee betri ya akiba, akalalamika mpaka jioni.

Umeme wa kengele ndio uliotupa kituko cha kwanza. Kijana ninayefanya naye kazi humenya waya kwa meno, koleo likiwa limening'inia kiunoni kama pambo. Alikuwa amechuchumaa chini ya meza ya mapokezi, shaba iko midomoni, dada wa mapokezi akaona huo ndio wakati wa kujaribu kupiga ekstensheni ileile. Umeme ule unaweza kufika volti 90. Mkondo wake ni mdogo, si wa kumuua mtu, lakini mdomo una mate. Kijana aliruka, akagonga kichwa kwenye uvungu wa meza, akatambaa kutoka nje na waya bado umeshika mdomo wa chini. Dada kashika mkonga wa simu, anangoja kwa adabu zote.

"Inaita?"

"Inaita, dada."

Kisha simu ya Mzee ikagoma. Kupokea inapokea, kupiga haipigi. Unabonyeza namba mpaka kidole kinauma, mlio unaendelea palepale. Nikaipindua. Chini kuna kiswichi chenye herufi P na T, nacho kiko P. Huo ni upigaji wa kizamani, namba inatumwa kwa kuikatakata laini: ukipiga tano, laini inakatwa mara tano. Adapta yangu haikuuelewa, ilitaka T, namba ziende kwa milio. Nilipogusa kiswichi, Mzee akanidaka mkono.

"Hiyo P nimeikuta. P ni Posta."

"Na T?"

"T ni TTCL. Usichanganye."

Mtu aliyeanza kazi enzi za Shirika la Posta na Simu hubishani naye. Nikamkumbusha tu kwamba serikali ilishawatenganisha hao wawili, Posta na TTCL ya simu, mwaka 1994, kwa hiyo tumwache T ajitegemee. Akaona ni haki.

Shida yenyewe ilikuwa kwenye kidole chake. Mzee akimaliza kuongea haweki mkonga chini, hana subira hiyo. Mkonga unabaki sikioni, kidole cha shahada kinashuka kwenye kile kitufe kinachobonyea mkonga ukilazwa. Ta! Ameshakata, anapiga kwingine. Kwenye laini yake ya zamani mambo yalikwenda. Kwenye adapta, ukigonga kitufe hicho kwa muda usiofika sekunde moja hujakata kitu, umetoa amri. Sisi mafundi tunaiita fleshi. Ya kwanza inamweka kando uliyekuwa unaongea naye, anapigiwa muziki, wewe unapewa mlio upige namba nyingine. Ya pili inawaunganisha wote watatu. Nilimweleza Mzee haya taratibu, nikimwonyesha kwa kidole changu. Akaniuliza nilikuwa wapi yeye alipoanza kushika simu.

Basi ofisi ikaingiwa na jini. Mzee anaongea, anagonga, anapiga kwingine, akimaliza anaweka mkonga chini. Simu inaita papo hapo. Ananyanyua: yuleyule mtu wa kwanza, tena kanuna. Adapta inakumbuka kuna mtu kaachwa kando, kwa hiyo inakupigia kukukumbusha. Mlinzi alisema ni ubani tu, atauleta yeye. Mama mhasibu, ambaye ameokoka, akasema ubani hauingii mle ndani, yatafanyika maombi. Nikawaacha wavutane, nikarudi kwenye waya zangu chini ya dirisha la Mzee.

Nilikuwa hapo alipopiga mkwe. Binti yake ameolewa na kijana wa Mzee. Yeye anakaa Ujiji na anauza chumvi ya Uvinza, anaivusha ziwa hadi Kalemie kwa kupitia ofisi hii, kwa bei ya mkwe. Bei ya mkwe maana yake tutaonana. Magunia yake yalikuwa yamekaa stoo kupita heshima inavyoruhusu. Na kwa kuwa Mzee hasikii vizuri, nilikuwa nimempandishia sauti kwenye adapta, kwa hiyo mkonga wake ulikuwa unahutubia chumba kizima.

"Mkwe, mwakeye! Mzigo? Ah, mzigo umeshaondoka! Boti imeng'oa nanga alfajiri, hapa tunapoongea wako katikati ya maji. Haya, wasalimie."

Ta!

Akapiga stoo. "Wewe, ile chumvi isogeze nyuma. Tanguliza sementi ya yule bwana wa Uvira, yeye analipa taslimu. Umesikia? Haya."

Ta!

"Mzee," nikaanza. Akaninyooshea kiganja: ngoja. Kule stoo kijana hakuwa amekata.

"Mzee, sasa mkwe wako akija akayakuta magunia yake hapa, nimwambieje?"

Mzee akautoa mkonga sikioni, akautazama. Yeye alishakata. Lakini hajazoea kuacha swali bila jibu.

"Mwambie ni ya mtu mwingine. Chumvi ni chumvi, kwani ina jina?"

"Ina jina," ikajibu sauti ya tatu. "Nimeandika kwa rangi nyekundu kwenye kila gunia, mkwe. Jina langu na la mjukuu wako."

Nimeona watu wakihojiwa na polisi, hakuna aliyewahi kutoa jasho la aina ile. Kijana wa stoo akasema "shikamoo mama" kwa sauti ya mtu anayetafuta kazi nyingine. Mzee akafanya alichokijua: akagonga kitufe. Sasa adapta ile, fleshi ya tatu inamwondoa aliyeunganishwa mwisho. Stoo ikaondoka. Akabaki yeye na mkwe, wawili tu.

"Mkwe," akasema mama, bila haraka, "na ule muziki ulikuwa wa nini? Mimi nikadhani mmenipigia kwa furaha boti imeondoka."

Mzee akanipa mkonga. Mimi! Akaenda dirishani kulitazama ziwa. Nikamwambia mama kwamba ninayeongea ni fundi. Akasema vizuri, niendelee kutengeneza hivyohivyo, yeye anakuja.

Alifika kwa bodaboda, akapita mapokezi bila kusimama, akaenda stoo moja kwa moja na kukaa juu ya magunia yake mpaka la mwisho lilipobebwa. Alikaa juu ya hilo la mwisho hadi wapagazi walipomwomba kwa heshima. Sementi ya Uvira ilishushwa ikalala Kigoma. Mzee alimpelekea soda kwa mkono wake mwenyewe, ya baridi, imefutwa vumbi.

Jioni akaniita, akafunga mlango, akaniambia nimtoe huyo jini. Kwenye kompyuta ya mhasibu nikafungua ukurasa wa mipangilio ya adapta, nikaubana muda wa fleshi hadi kidole cha Mzee kisiuwahi tena. Sasa akigonga, imekatika kweli. Mhasibu alifumba macho muda wote nilipokuwa nabofya, na mpaka leo hajanipa sifa yoyote, zote kazipeleka kwenye maombi.

Mkwe bado anapiga. Mzee akipokea tu, hata salamu haijafika, mkonga unahutubia chumba kizima:

"Mkwe, leo tuko wangapi?"