Z ya Marehemu

Mke wangu alinipa siku mbili niwe nimeondoa vikorokoro vyangu sebuleni kabla mama yake hajatua Los Angeles. Yeye huviita vikorokoro. Mimi naviita makusanyo. Viite utakavyo, vilikuwa vimejaza rafu tatu: kofia nyeusi za watoto zenye herufi Z, barakoa, kadi, vitabu vya katuni vilivyopauka, na upanga wa plastiki. Mtu mzima, baba wa mtoto, fundi wa viyoyozi ninayeheshimika mjini, na nyumba yangu imejaa Zorro.

Kwa asiyemjua: zorro kwa Kihispania ni mbweha, na hadithi yake ni ya hapa hapa California, enzi ilipokuwa chini ya Wahispania. Mchana yeye ni don Diego, mtoto wa tajiri, legelege, vita vikitajwa anapiga miayo. Usiku anavaa barakoa, anapanda farasi mweusi, anawatoa jasho askari wanaoonea wanyonge, kisha anaacha herufi yake ukutani kwa ncha ya upanga: chwi, chwi, chwi. Johnston McCulley alianza kumwandika mwaka 1919 katika jarida la hadithi la bei chee. Mwaka uliofuata Douglas Fairbanks akamcheza kwenye filamu, na 1924 hadithi ikatoka kama kitabu. Lakini kilichoniharibu mimi ni ile miaka ya 1957 hadi 1959, Guy Williams alipomcheza kwenye televisheni, vipindi 78, na wenye viwanda wakapiga chapa ya Z kwenye kila kitu ambacho mtoto angeweza kumlilia mama yake. Huo upanga wangu wa plastiki una chaki kwenye ncha, ili mtoto aandike Z ukutani kwao na achapwe. Ninao na chaki yake. Haijawahi kugusa ukuta. Huwa naifungua, naitazama, naifunga.

Jumapili ya pili ya kila mwezi hunikosi Pasadena, kwenye soko la vitu vikuukuu pale Rose Bowl. Hapo ndipo nilipolipata sanduku. Sanduku la chakula la bati, la mwaka 1958, Zorro juu ya farasi wake, na ndani yake chupa ya chai ambayo kioo chake hakijavunjika. Anayejua atanielewa: kioo mkononi mwa mtoto wa darasa la pili hakifiki Krismasi, sembuse miaka sitini. Nyumbani nilisema nimelinunua dola 18. Sikudanganya sana. Niliacha sifuri moja tu.

Sasa kuna siri nyingine, na bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Mwanangu jina lake linaanza na Z. Alipozaliwa mimi ndiye niliyelipendekeza, kwa sababu unazozijua. Tukapiga simu Tanga kutoa taarifa, na upande wa pili vikalipuka vigelegele. Kumbe ndilo jina la marehemu baba mkwe! Mimi nilimjua kama Mzee. Jina la mkwe halitajwitajwi. Nikafungua mdomo nieleze, nikamsikia mama mkwe analia, anamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwenye adabu. Nikaufunga mdomo. Una miaka sita sasa umefungwa.

Mama mkwe akaja. Rafu tatu nilizihamishia chumba cha mtoto, sanduku nikalipandisha juu ya kabati la jikoni, nyuma ya sufuria kubwa la pilau. Nilisahau jambo moja: mwanamke wa Tanga akiingia jiko lisilo lake, kitu cha kwanza kukishusha ni sufuria la pilau.

Alifika Ijumaa. Jumatatu jioni narudi kazini, jiko linanukia hiliki, mama amekaa kwenye kiti na kanga yake begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone kazi."

Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na kitu kinachong'aa kama sinia la harusi. Kilikuwa kinadondosha maji, tone, tone. Nilichukua muda kukitambua. Pembeni yake kulikuwa na waya wa kusugulia masufuria, ule aliokuja nao begini kwa kuwa vya Marekani havimridhishi, na waya wenyewe ulikuwa umegeuka rangi: mweusi, mwekundu kidogo, na kule kwenye kona, nadhani, kipande cha farasi.

"Kulikuwa na picha ya jambazi," alisema. "Kajifunga uso, kashika jisu refu. Mtoto atapata ndoto mbaya. Nimemtoa."

Alikuwa amemtoa kweli. Hakubakiza kwato. Neno Zorro nalo lilikuwa na herufi tano; nne zimekwenda na maji. Iliyobaki ni Z peke yake katikati ya bati tupu, na ungeona jinsi waya ulivyoizunguka taratibu, kama mtu anayefagia kando ya kaburi.

"Hii sikuigusa," akasema. Sauti ikabadilika. "Hii ni herufi yake."

"Ya nani, mama?"

"Ya marehemu."

Akashika pindo la kanga, akafuta jicho. "Nimeingia chumba cha mjukuu wangu. Kofia, Z. Kadi, Z. Kila nikigeuka, Z. Nikajisemea, huyu ni mkwe wa aina gani? Wanangu niliowazaa mwenyewe hata picha ya baba yao ukutani hawajatundika."

Don Diego wa televisheni ana mtumishi anaitwa Bernardo. Ni bubu, na juu ya ububu anajifanya kiziwi, ili asikie siri za watu. Siku zote nilimwona kama mtu wa kuchekesha. Jioni ile nilimwelewa. Nilitikisa kichwa, nikaweka mkono kifuani, nikatazama sakafu. Sikuwa na neno.

"Na kile kitabu chake nimekijalidi," akaongeza.

Kitabu! Chapa ya zamani, si ile ya kwanza ya 1924, uwezo huo sina, ila kilikuwa na jalada lake la karatasi, limechanika kwenye kona lakini lipo. Kwenye vitabu vya namna hii jalada la karatasi huweza kuwa na thamani kuliko kitabu chenyewe. Mama alikileta kimevalishwa karatasi ya kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi la Tanga, kona zimekunjwa vizuri, gundi imebandikwa, kama daftari la hesabu la shule ya msingi. Mwezi wa Machi upande wa mbele.

"Lile karatasi bovu nimelitupa."

Gari la taka kwetu hupita Jumatatu asubuhi.

Mke wangu akaingia. Akaangalia bati, akamwangalia mama yake na machozi yake, akaniangalia mimi na mkono wangu kifuani. Mama akamweleza yote. "Na hakuwahi kujisifu," alimalizia. "Mtu mwema hasemi." Mke wangu akasema samahani, akaenda bafuni, akafungua bomba hadi mwisho. Hata hivyo tulimsikia. Mama alidhani analia.

Ndipo mtoto akatoka kucheza, akaliona sanduku.

"Baba, Zorro kaenda wapi?"

Mama akageuka. "Nani?"

"Rafiki yake wa shule," nikasema. "Amehama."

Miezi mitatu ikaisha kwa amani. Mama aliomba aondoke na sanduku na kofia moja, ungemnyima vipi? Wiki iliyofuata tukatumiwa picha. Ukuta wa sebule Tanga: marehemu ndani ya fremu, kanzu nyeupe, uso mkali, na juu ya fremu imetundikwa kofia nyeusi ya mtoto wa Kimarekani. Chini yake, mezani, sanduku lina sukari, na ile chupa iliyovuka miaka sitini bila ufa inamiminia wageni kahawa.

Nilikuwa bado naitazama hiyo chupa, naomba Mungu wasiidondoshe, mke wangu akakaa kando yangu na simu yake.

"Ndugu zangu wameliona sanduku," alisema. "Wote wanne. Kila mmoja anataka la kwake, la kumkumbuka baba."

"Mke wangu..."

"Jumapili hii si ndiyo ya pili?" Akafungua pochi. "Kumi na nane mara nne ni sabini na mbili."

Akanihesabia mkononi, noti kwa noti.