Mtoto wa namba moja na daraja lililoanguka

Hapa Kigoma mtoto akishika namba moja mfululizo kuanzia darasa la tatu, mtaa mzima unajua. Anaitwa kichwa. Mwalimu akiwa na kazi ofisini, yeye ndiye anayesimama ubaoni kusahihishia wenzake. Mtihani wa darasa la saba ukifika anaupita bila jasho, na akibahatika anapangiwa Tabora Wavulana au Tabora Wasichana, shule zilizo kundi moja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, zile za vipaji maalumu. Hongera kwake. Lakini mtoto huyu mara nyingi anafika huko hajawahi kukutana na kitu kilichomkatalia. Maswali mengi aliyoulizwa shuleni yalikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe lilikuwa limeshaandikwa mbele yake, kazi yake ikawa kulichagua tu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uhandisi uanze kufundishwa shule ya msingi, na hao vichwa wawe wa kwanza kuonja. Kwa taaluma mimi ni fundi mitambo, na Jumamosi hukaa na watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Ninayosema nimeyaona humo.

Nianze na kinachonikera. Ukitaja uhandisi kwa watoto, watu wazima wanawaza roboti. Anatafutwa mfadhili, linakuja boksi lenye mota na nyaya za rangi, picha zinapigwa, kisha boksi linafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu lisije likaharibika. Kifaa ambacho mtoto haruhusiwi kukiharibu hakimfundishi uhandisi. Kinamfundisha adabu.

Sisi tunayo MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea huku ziwani. Ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiwaachie maadui, ila mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kufikia 1927 ilikuwa kazini tena. Watoto wa hapa wanaijua meli hiyo kwa sura. Ukiwasimulia, wengi wanashangaa habari ya kuzama. Mimi nawavutia kwenye makasha: utajuaje kipande kipi kinakwenda wapi, wakati aliyekifungua yuko ng'ambo ya bahari?

Basi tunafanya hivyo hivyo kwa stuli. Kundi moja linaifungua, linapima, linachora, linaandika alama kwenye kila kipande na maelekezo kwenye karatasi, kisha linatoka nje. Kundi la pili linaingia na kuunganisha, na hakuna ruhusa ya kuuliza. Hapo ndipo vichwa wanapoumbuka. Wameelewa stuli vizuri kuliko wote, lakini wanaandika maelekezo wanayoyaelewa wenyewe: "Weka mguu mahali pake." Mahali pake wapi? Wanachungulia dirishani wakiona wenzao wanageuza mguu juu chini, na wanaumia kweli. Mtoto aliyezoea kusifiwa kwa kujua, ni mara yake ya kwanza kuona kwamba kujua kwake hakujamfikia mtu mwingine. Wakirudia, michoro inabadilika kabisa. Inakuwa na vipimo, mishale, na neno "upande huu juu".

Kazi ya pili ni daraja la magazeti. Karatasi unazizungusha kuwa mirija, gundi unapika kwa unga wa muhogo, na daraja linavuka kati ya madawati mawili likibeba ndoo ndogo inayoongezwa mchanga kidogo kidogo. Kabla ya kuanza nawapa vijiti vinne na misumari, watengeneze mraba. Unayumba. Wakiongeza cha tano mshazari, unakakamaa. Kisha nawaambia waangalie juu, maana darasa letu halina dari na kenchi zote, zile mbao zinazoshikilia paa, ziko wazi: pembetatu tupu. (Labda ndiyo faida pekee ya kukosa dari.)

Kuna binti mmoja wa darasa la sita, namba moja tangu aanze shule. Daraja lake lilikuwa zuri kwa macho kuliko yote, na likaanguka mapema kuliko yote. Akaniuliza, "Mwalimu, jibu lake ni lipi?" Nikamwambia halipo. Alikaa kimya kipindi kizima, nikadhani tumempoteza. Wiki iliyofuata alikuja na daftari. Alikuwa amekusanya mabaki ya madaraja ya wenzake wote na kuandika kila moja lilivunjikia wapi. Karibu yote yalikatikia kwenye viungo, pale mrija unapokutana na mrija, na mirija yenyewe ilikuwa mizima. Kwa hiyo kuongeza magazeti, kama wenzake walivyokuwa wakifanya, kulikuwa kupoteza gundi. Hilo hakulitoa kwangu wala kitabuni. Kichwa chake kilikuwepo siku zote, kilikuwa kinasubiri kitu kigumu cha kutafuna.

Mama mmoja aliniuliza getini, "Mwalimu, haya mambo yatatoka kwenye mtihani?" Hayatatoka, mama, na sikumficha. Hofu yake naielewa, kwa sababu nafasi ya mwanawe inaamuliwa na mtihani. Ninachokataa ni hesabu ya kwamba saa mbili za Jumamosi zinamwibia mtoto alama, wakati mtoto mwenyewe anamaliza mazoezi ya hisabati kabla wenzake hawajafungua daftari na muda uliobaki anachora mezani.

Tena mtihani peke yake unatuchagulia vichwa wa aina moja. Wapo Kibirizi na Katonga watoto wanaotengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona, au wanaoweza kukueleza kwa nini wavuvi wa dagaa hufunga mitumbwi miwili sambamba kwa magogo, wakati darasani wako nafasi ya thelathini na kitu. Nisingewaita wote wana vipaji, tusidanganyane. Baadhi wanaiga tu. Lakini bila kuwapa kazi ya mikono huwezi kujua nani anaiga na nani anafikiri.

Mwalimu wa Kasulu, Urambo au Uvinza anayetaka kuanza, aanze na kenchi na magazeti. Umeme uje baadaye. Makundi yawe ya watoto watatu. Wakifika watano, wawili wanakuwa watazamaji. Mchanga upimwe kwa mizani ya dukani na uzito uandikwe ubaoni kabla ndoo haijaning'inizwa, kila kundi likitaja linakadiria daraja lake litabeba kiasi gani. Na likianguka, vipande visifagiliwe.